Daktari Pumphrey na Udhuru Wangu wa Miaka Kumi na Minne

Na Clive Ormerod

Tarehe 30 Septemba 1979, Daktari Hester Pumphrey atarudisha ufunguo wa chumba chake cha juu ya lango, baada ya kufundisha fasihi katika chuo chetu hapa Oxford kwa miaka thelathini na mitatu. Kamati imeniomba mimi niandike wasifu wake. Nadhani wenzangu wote walikuwa na akili ya kukataa.

Alianzia kwa wanafalsafa, wale waliokuwa wakikutana Jumamosi asubuhi kubishana saa tatu nzima juu ya tofauti ya kumuumiza mtu kwa bahati mbaya na kumuumiza kwa kukosea. Watu waliwacheka. Yeye alitoka huko na swali moja tu, akalileta kwenye riwaya na tamthilia: mtu wa kawaida angesema maneno haya wakati gani, na kwa kuyasema angekuwa anafanya nini? Wanafunzi walimsomea insha zao kwa sauti mbele ya hita ya gesi, naye akibanika mkate kwa uma mrefu na kuwakatiza: "Hebu rudia hapo. Nani anaongea hivyo, jamani?" Aliyetaja "ishara" zaidi ya mara mbili alinyimwa siagi.

Ameandika kitabu kimoja tu, chembamba, na kinasomeka. Hakuna mwingine idarani anayeweza kujisifia hilo, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilifika mwaka 1961, kichwa kimenivimba. Nilimsomea kurasa arobaini kuhusu tamthilia moja ya zamani, ambamo baba aliyemfukuza binti yake usiku wa theluji anakutana naye tena na kumwambia, "Sikujua kama kulikuwa na baridi kiasi kile." Binti hajibu kitu. Nikathibitisha, kwa tanbihi mia moja na tisa, kwamba kimya kile ni kifo cha lugha yenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, mkate ukaungua. Kisha akasema, "Clive, mpenzi, lugha haijafa. Baba ametoa udhuru, hajaomba msamaha. Sasa ulitaka mtoto wa watu ajibu nini?"

Loo, nilichukia! Hasira ilipopoa nikaandika kitabu. Kitabu hicho, ndicho kilichonipa cheo, kimejengwa juu ya maneno yake yale, na jina la Hester halimo, hata kwenye ukurasa wa shukrani, ambako paka wangu yumo.

Kilipotoka, mwaka 1965, nilipanda ngazi zake nikajieleza: mchapishaji alikuwa na haraka, majina mengine yalikatwa. Akanipakia siagi. "Udhuru mzuri, Clive," akasema, akaanza kuzungumzia mvua. Tangu hapo tumekula mkate pamoja miaka kumi na minne, na mimi, mtaalamu mzima wa vimya vya jukwaani, sikutambua kwamba alikuwa bado anasubiri.

Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu nilieleza kwamba nilikuwa kijana. Katika ya pili, kwamba siku zile kila mtu alifanya hivyo. Nimezichana zote mbili.

Hester, asante kwa mikate na kwa masikio yako. Wenzako wote tunakuombea afya njema huko Whitby kwa dada yako, na majirani wapenda maongezi. Na langu mimi ni hili: wazo lile lilikuwa lako. Niliiba. Naomba unisamehe.

Sasa umeombwa. Jibu ukipenda. Alhamisi nitapanda ngazi, na safari hii mkate naleta mimi.