Bi Nukta, Aliyeandika Mahali Watu Walipokwama

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, mliopata viti na mliosimama ukutani, familia imemkabidhi mdogo wake wa kufuatana naye jukumu la kusoma maisha ya dada huyu aliyelala mbele yetu, naye atayasoma kama yalivyokuwa, bila kutia chumvi, kwa maana marehemu akisikia jambo limepambwa kupita kiasi alikuwa akiuliza, "Na hilo umelipima?"

Alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya baba, na mama alitusimulia kuwa tangu akiwa na miaka mitano alikuwa akiokota vipande vya mbao na kuvipanga sakafuni kuwa vyumba, na yeyote aliyeruka ukuta badala ya kupita mlangoni alirudishwa nje aanze upya, baba mwenyewe akiwemo.

Alianza shule ya msingi Januari 1968 na kumaliza Novemba 1974, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1978, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa ramani za majengo, akiwa msichana pekee katika darasa la watu ishirini na wawili, na huko ndiko alikopewa jina tunalomjua nalo wote, kwa sababu kila mwalimu alipousifu mchoro wake yeye aliinama tena mezani na kusema nukta moja haijakaa sawa. Alihitimu tarehe 27 Novemba 1981.

Jumatatu ya tarehe 4 Januari 1982 aliripoti katika ofisi ya ramani, ghorofa ya pili, chumba chenye mbao nane za kuchorea na madirisha marefu upande mmoja, ambako harufu ya dawa ya mashine ya kunakilia ramani ilikuwa ikiingia hata kwenye chai, na ambako kosa la wino liliondolewa kwa kukwaruza karatasi na wembe, taratibu, mtu akiwa amezuia pumzi. Alipenda kazi ile kuliko chakula. Ndani ya miaka mitatu mafundi wa ujenzi walikuwa wakiuliza kwanza, "Hii kachora nani?" na wakiambiwa ni Bi Nukta walianza kuchimba msingi bila swali la pili.

Mume wake, shemeji yetu, alikuwa mpima ardhi, na walijuana kwa ugomvi, kwani marehemu alimrudishia vipimo vya kiwanja mara mbili akidai haviwezi kuwa vya kweli, na mara ya tatu shemeji alipanda ngazi mwenyewe, amekunja uso, akamwambia, "Ukivikataa tena, itabidi tuende wote kiwanjani ukapime kwa mikono yako." Walikwenda, wakapima, ikaonekana shemeji amekosea kwa sentimita arobaini, na mpaka leo anasema sentimita hizo ndizo zilizompatia mke. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa mwaka 1988, kijana wa kiume mwaka 1991, na kitinda mimba wa kike mwaka 1995.

Agosti 1997 ziliingia kompyuta tatu pale ofisini, zikawa zinafunikwa kitambaa kila jioni kama watoto wachanga, na kati ya wachoraji wanane watatu waliomba uhamisho na mmoja akastaafu kabla ya wakati wake. Programu ya kuchorea ya siku zile haikumhurumia mtu, amri zilitakiwa kuandikwa kwa vifupisho vya kukariri, alama zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha, na kidole kikikosea, kazi ya asubuhi nzima ilitoweka bila hata kuaga. "Ubao wangu haukuwahi kunifutia kazi," alilalamika akirudi nyumbani, macho mekundu, lakini kesho yake alijifunga kibwebwe na kukaa kwenye kiti kile kile, na mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine.

Sasa inakuja sehemu ambayo baadhi yenu mngependa tuiruke, lakini yeye mwenyewe aliagiza isomwe. Tarehe 9 Juni 2009 zahanati ya watoto iliyochorwa na ofisi yake ilikuwa ikikabidhiwa, watu wamevaa vizuri, na mama mmoja alifika akimsukuma binti yake kwenye kiti cha magurudumu, akasimama mbele ya mlango mkuu na kuziangalia ngazi nne za zege, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akamwinua mtoto na kumpakata, akakiacha kiti chini. Marehemu alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo. Njia ya mteremko aliichora, kwa mkono wake, na ilikuwemo ndani ya kompyuta, ila programu ile huugawa mchoro katika matabaka, mfano wa karatasi nyembamba zilizopandanishwa, na tabaka lenye njia ile lilikuwa limezimwa siku ya kuchapisha, bila programu kumwonya mtu yeyote, kwa hiyo karatasi iliyomfikia mkandarasi ilionyesha ngazi peke yake.

Mkuu wa ofisi alimwita na kumtafutia mlango wa kutokea. "Sema kompyuta imeficha, yaishe," alimwambia.

"Kompyuta haina saini pale chini, mkuu," marehemu alijibu. "Saini ni yangu."

Alipewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye uchoraji na kupelekwa chumba cha majalada, ghorofa ya chini, kwa miezi saba, na katika majuma matano ambayo ngazi zile zilikuwa zikivunjwa na njia ya mteremko kujengwa, alikwenda kila Ijumaa kusimama pale. Shemeji anasema hajapata kumwona mkewe akilia isipokuwa kipindi kile.

Lakini humo kwenye majalada ndimo alimoanza kazi ya pili ya maisha yake. Alinunua daftari gumu, akawa saa ya mapumziko anapanda juu, anavuta kiti na kukaa nyuma ya mchoraji mmoja, akimwambia, "Usinionyeshe unachokijua, nionyeshe unapokwama," na kila mtu alipokwama yeye aliandika, nani, wapi, dakika ngapi, na alitarajia kuona nini. Vijana wa ofisi wakimwona mlangoni walikonyezana, "Huyo anakuja, kwama haraka." Alicheka nao, akaandika hata hilo. Daftari lilipojaa aliwaandikia watengenezaji wa programu ile barua pepe, akajibiwa na mashine, akaandika tena, akajibiwa na mashine, na alifanya hivyo mara tisa kwa miaka minne, mpaka tarehe 16 Mei 2014, mhandisi mmoja wa kike wa huko alipomjibu kwa jina na kumwuliza kama angekubali wawe wanamtazama akifanya kazi. Tangu siku hiyo, kila mwezi, kwa nusu saa, walimtazama kwenye skrini, na alikuwa hawapi nafasi ya kujisifu, wakimwonyesha kitu kipya aliwauliza, "Mtu aliyechoka atakiona?"

Oktoba 2019 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, madaktari wakagundua ni ugonjwa wa neva ambao hupunguzwa makali lakini hauponi, na alipostaafu Machi 2021 alihamishia kazi kwenye meza ya chakula nyumbani, akiwachorea majirani, hata ilipofika mwaka 2022 mshale wa kompyuta ukawa unarukaruka kila akigusa kipanya, ukuta anautaka huku, unadondokea kule. Siku moja binti yake mkubwa, ambaye naye ni msanifu majengo, alishindwa kuvumilia, akakichukua kipanya kutoka mkononi mwa mama yake, akasema, "Mama, niachie, nitamaliza mimi, ni dakika mbili tu." Marehemu aliinuka, akaingia chumbani, na kwa siku tatu hakumsemesha mwanawe, na familia haikumbuki kimya kingine kama hicho katika nyumba ile.

Aprili 2023 lilitoka toleo jipya la programu, na binti aliliweka kwenye kompyuta ya mama yake, kisha akamwita. Alama zilikuwa zimekuzwa, mtu asiyekumbuka amri aliandika tu anachokitaka kwa maneno ya kawaida kwenye kisanduku kimoja na programu ikamletea, mstari ukikaribia kona uliishika kona wenyewe hata mkono ukiteleza, na kila hatua iliorodheshwa pembeni, aliyekosea akarudi nyuma hatua moja moja bila kupoteza kazi. Marehemu alikaa, akachora ukuta mmoja, akaufuta, akauchora tena, ukamchukua dakika arobaini, na muda wote huo binti yake alikuwa ameikalia mikono yake mwenyewe isije ikanyooka kusaidia. Walipotaka kuchapisha, maandishi yalijitokeza katikati ya skrini, "Kuna vitu vimefichwa, havitaonekana kwenye karatasi hii. Tuendelee?" Marehemu aliyasoma kwa sauti, mara mbili, akavua miwani.

"Miaka kumi na minne," alisema.

"Nisamehe, mama," binti alimwambia, na walikaa pale mpaka chai ikapoa.

Kwa mkono ule ule alichora majengo kumi na moja zaidi, la mwisho likiwa chumba cha kushonea cha jirani yetu fundi cherehani, ambaye yupo hapa, na ambaye alitaka dirisha moja akapewa mawili kwa nguvu. Mwishoni mwa mwaka 2024 ugonjwa ulipanda kifuani, akawa anameza kwa shida, akalazwa tarehe 19 Januari 2025, na hata akiwa kitandani hakuacha ukorofi wake, kwani aliposikia kuwa sasisho la karibuni limeihamisha alama ya kurudi nyuma hadi kona ya mbali ya skrini, Alhamisi ya tarehe 30 alimwita binti yake na kumwambia, "Kalamu. Hawa wamenihamishia mlango," akamtajia barua ya malalamiko aiandike, akipumzika kila baada ya sentensi, na haikutoka mpaka isomwe upya yote. Siku ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mume na watoto wake wakiwa wamemzunguka, alikata roho, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi kumi na siku ishirini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, hususan muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kusogeza kitanda mara tatu mpaka kikae sambamba na ukuta, inawashukuru majirani waliopika, waliopanga viti na waliokaa na shemeji bila kumlazimisha kuzungumza, inawashukuru wafanyakazi wa ofisi ya ramani, wa zamani na wa sasa, mliokubali kuonekana mkikwama. Tunamshukuru pia mhandisi yule wa mbali, ambaye Jumatano, siku moja baada ya msiba na kabla habari hazijamfikia, alijibu barua ya mwisho akiuliza mkono wa marehemu ulikuwa ukisafiri umbali gani kuifikia alama ile. Binti mkubwa aliisoma akiwa katikati ya waombolezaji, akainuka, akatafuta futi ya kamba, akaenda mezani kwa mama yake na kupima, akapima tena, kisha akaandika jibu, sentimita kumi na mbili na nusu, na chini yake akaandika kuwa mama amefariki jana, na kwamba maswali yaliyobaki aulizwe yeye.

Dada, tumeyasoma yote uliyoagiza. Sasa pumzika, pumzika kwa amani.