Muzee Donat na Mji wa Portland

Wasikilizaji wapendwa, kaeni karibu na redio. Saa hii ni ya kuwataja wenzetu walioondoka, na leo tunamtaja muzee Donat Hitimana, fundi wa kujenga nyumba, mkaaji wa mtaa wa Katoyi hapa Goma. Muzee Donat alifariki mwezi wa tano. Wengi wenu mnalala ndani ya kuta alizozijenga. Wengine mlimkwepa, maana alikuwa mtu wa kushuku. Familia yake imeniomba nisilifiche hilo. Mjane wake, mama Mukabalisa, aliniambia hivi: "Useme vile alikuwa. Ukimupamba sana, batu watasema umeongea juu ya mutu mwingine."

Basi tutasema vile alivyokuwa.

Donat alizaliwa kwenye milima ya Masisi, katika familia ya wafugaji. Alikuwa na ng'ombe wachache na shamba la maharagwe. Mwaka 1996 vita vikafika kwenye kilima chao. Mama Mukabalisa anakumbuka mtu mmoja aliyekuja mchana, akaomba maji ya kunywa, akacheka na watoto, akashukuru. Jioni mtu huyo akarudi na wenzake wenye bunduki. Ng'ombe wote wakaenda. "Tangu siku ile," anasema mama, "mutu akimuchekea, yeye anajiuliza: huyu anataka nini?"

Wakashuka Goma na binti yao wa kwanza, Séraphine, aliyekuwa na miaka saba. Donat akajifunza kujenga kwa mawe meusi ya volkano. Mwaka 2002 mlima ulipotema moto na kufunika sehemu kubwa ya mji, kazi ikawa nyingi. Lakini tabia yake ilikuwa ileile. Kabla ya kununua mfuko wa simenti aliugonga, akaunusa, akaingiza vidole kwenye pembe iliyotoboka. Alikuwa na hakika kwamba wauzaji wanachanganya majivu. Wakati wa kula alikaa juu ya mifuko yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo maisha yake yalipopinda.

Mwezi wa kumi mwaka 2008, Séraphine alikwenda mji mdogo wa Kiwanja, kaskazini mwa Goma, kumsaidia shangazi yake aliyekuwa amejifungua. Aliyempeleka ni kijana wa jirani, Célestin, dereva wa pikipiki. Kabla hawajarudi, vita vikaingia Kiwanja. Pikipiki ikachukuliwa. Wakakimbia kwa miguu pamoja na umati, kuelekea mpaka wa Uganda, pale Bunagana.

Célestin alirudi Goma peke yake.

Nimeongea naye. Anasema hivi: "Pale Bunagana risasi zililia nyuma yetu. Batu wakasukumana. Nilikuwa nimemushika mukono, ukaponyoka. Nilivuka Uganda, nikamutafuta kambini, sikumuona."

Muzee Donat alimuuliza: "Alikuwa amevaa nini?"

Célestin akajibu: kikwembe cha bluu.

Kesho yake Donat akarudi na swali lilelile. Célestin akasema: cha kijani.

"Jana ulisema bluu," Donat akamwambia. Akaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo, kwa Donat, Célestin alikuwa mtu aliyeuza mtoto wake. Kama alimuuza kwa wanajeshi au kwa wafanyabiashara, hilo hakulijua. Lakini alisema. Alisema kisimani, alisema kanisani, alisema kazini. Wakati ule Célestin alikuwa amechumbia msichana wa mtaa wa Kyeshero aitwaye Rosette. Donat akavaa koti lake, akaenda hadi kwa baba ya Rosette. Akamuuliza: "Utamupa mutoto wako kijana asiyejua alimuacha wapi mutoto wangu?" Posa ikavunjika. Rosette akaolewa Bukavu na mtu mwingine. Célestin akahama Katoyi.

Familia ikafanya matanga ya Séraphine, bila mwili.

Halafu, wasikilizaji wapendwa, mwaka 2015, Jumapili moja jioni, simu ya muzee Donat ikalia. Namba ilikuwa ya ng'ambo. Sauti ya mwanamke ikasema: "Papa, ni miye, Séraphine. Niko muzima. Tulikaa kambini Uganda, sasa wametuleta Amerika. Namba yako nimeipata juzi tu. Niko Portland."

Mama Mukabalisa alipiga magoti pale pale jikoni. Donat hakupiga magoti. Alifunika simu kwa mkono, akamwambia mkewe: "Portland ni simenti."

Na kweli, mnalijua neno hilo. Liko kwenye mifuko ya simenti, limeandikwa kwa herufi kubwa. Donat alimshika mama mkono, akampeleka kwenye pembe ya nyumba alikoweka mifuko yake, akamwonyesha. "Soma. Mutu amesimama kwenye depo fulani Kampala, amesoma mufuko, ameona jina la kizungu. Anatudanganya."

Hakuwa mjinga kufikiri hivyo. Miaka ile walikuwepo watu waliopigia simu familia za waliopotea na kujifanya ndio wao. Kwa hiyo Donat akauliza swali la mtego. "Ng'ombe wetu wa mwisho aliitwa nani?"

"Gaju," ile sauti ikajibu.

Jibu lilikuwa sawa. Mama alilia. Lakini Donat akakata simu na kusema: "Célestin naye anaweza kulijua jina hilo. Walitembea njia moja, wakaongea. Amemufundisha mwanamuke fulani."

Mnaona ilivyokuwa. Akikosea jibu, ni mwongo. Akipata jibu, amefundishwa.

Séraphine akatuma picha kwenye simu ya jirani. Mwanamke mnene, koti zito, kofia hadi kwenye nyusi, theluji nyuma yake. Donat aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. "Mutoto wangu alikuwa mwembamba," akasema.

Kule mtaa wa Majengo kulikuwa na mama mmoja muuza vitenge, mama Jamila. Kaka yake, Mbaraka, alikuwa Amerika kwa miaka mingi. Mji wake? Portland. Donat aliposikia, alikwenda Majengo siku hiyo hiyo na kuomba Mbaraka amtafute mwanamke anayejiita Séraphine Hitimana. Mbaraka ni mtu wa msaada. Aliuliza msikitini, akauliza kwenye makanisa ya Wakongomani, akauliza dukani ambako Wakongomani hununua unga wa muhogo. Hakuna aliyemjua.

Kulikuwa na zaidi. Séraphine alikuwa amemwambia mama yake kwamba dirishani kwake anaona bahari. Mbaraka akasema: "Hapa hakuna bahari, muzee. Kuna mto. Bahari iko mbali, unaenda kwa gari." Jumapili nyingine, Donat aliwapigia wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Séraphine akasema wametoka misa, anapika chakula cha mchana. Mbaraka akasema ndiyo kwanza ameamka, hata chai hajanywa. Mji mmoja, siku moja, na saa mbili tofauti.

Donat alimwambia mkewe: "Umeona sasa?" Na hakupokea tena namba ile.

Mama Mukabalisa aliipokea. Alitoka uani, akasimama karibu na pipa la maji, akaongea na binti yake kwa sauti ndogo. Donat alijua. Hawakugombana. Walikaa nyumba moja, mmoja na mtoto aliye hai, mwingine na mtoto aliyekufa. Na Séraphine hakuelewa kwa nini baba hataki kuongea. Mtu anayekushuku hakuambii anachokushuku.

Ikafika mwaka 2019. Mbaraka akaja Goma kumsalimia dada yake. Donat akaona nafasi imefika. Akamwomba ampigie yule mwanamke yeye mwenyewe, wote wakisikia, ili uongo ukamatwe mchana kweupe. Wakakusanyika sebuleni kwa mama Jamila, Majengo: Donat, Mukabalisa, Jamila na kaka yake. Simu ikawekwa mezani, sauti juu.

"Dada," Mbaraka akasema, "mimi pia ni mukaaji wa Portland. Kwetu hakuna bahari. Wewe bahari unaionea wapi?"

"Kaka, si hii hapa? Mume wangu anafanya kazi ya samaki kwenye gati. Anarudi akinuka samaki kila siku."

Mbaraka akakunja uso. "Portland gani hiyo?"

"Portland ya jimbo la Maine."

Mbaraka akajishika kichwa. "Muzee," akasema, "mimi niko Portland ya jimbo la Oregon. Ni magharibi kabisa. Huyu yuko mashariki kabisa. Katikati ni Amerika yote, hata saa hazilingani. Nilikuwa nimesikia kuna Portland nyingine, nikadhani ni kijiji tu. Na weye uliniuliza: yuko hapo au hayuko? Nikasema hayuko."

Donat hakukubali. "Serikali kubwa kama ile haiwezi kuita miji miwili jina moja. Barua zitafika vipi?"

Hapo mama Mukabalisa akafungua kinywa. Mama Jamila anasema hakupaza sauti.

"Baba Séraphine, sisi tulitoka wapi?"

"Masisi."

"Masisi fasi gani?"

"Katoyi."

"Na leo tunakaa fasi gani?"

Kwa mnaotusikiliza kutoka mbali: kuna Katoyi kule milimani Masisi, na kuna Katoyi hapa mjini Goma. Muzee Donat alizaliwa katika moja na kujenga nyumba yake katika nyingine. Kuhusu Portland, nami nimeulizauliza. Simenti ilipata jina kutokana na jiwe la kisiwa kimoja cha Uingereza. Portland ya Maine ni mji wa zamani. Ile ya Oregon ilipewa jina na wafanyabiashara wawili waliorusha sarafu: mmoja alitaka jina la mji wa kwao, Portland hiyo ya Maine, mwenzake la mji wa kwao, Boston. Sarafu ingeangukia upande wa pili, Mbaraka angekuwa anakaa Boston, na haya yote yasingetokea.

Donat aliichukua simu, akatoka nayo barazani. Hata hapo alikuwa bado Donat. Akauliza: "Gaju alichukuliwa namna gani?"

Séraphine akasema: "Papa, hakuchukuliwa. Wengine ndio walichukuliwa. Gaju ulimutoa weye mwenyewe kwenye majani ulikomuficha, ukawapa, kusudi watuache. Nilikuwa nimeshika koti lako. Ulisema nisimwambie mama."

Jambo hilo Donat hakuwahi kumwambia mtu. Aliona haya nalo miaka yote. Mbaraka alimkuta amekaa chini, kwenye saruji ya baraza, simu sikioni, akisema neno moja tu tena na tena: "Mutoto wangu. Mutoto wangu."

Wasikilizaji wapendwa, ningeweza kuishia hapo. Lakini Célestin yuko hai, na ana haki ya kusikilizwa.

Siku iliyofuata Donat alikwenda Kyeshero. Célestin alikuwa na karakana ndogo ya pikipiki. Alimwona muzee akija, akaendelea kufungua gurudumu. "Papa Donat," akasema, "umekuja kuuliza rangi ya kikwembe?"

"Nimekuja kukuambia mutoto yuko muzima. Yuko Amerika."

Spana ikamwanguka Célestin. Alikuwa hajui; mama Mukabalisa alinong'ona uani tu, hakuitoa habari nje. Miaka yote hiyo alikuwa hajui kama mkono ulioponyoka ulikuwa wa mtu aliyepona au wa mtu aliyekwenda kufa. Akauliza: "Umejua lini?"

Donat akasema ukweli. Simu ya kwanza ilikuja mwaka 2015.

"Miaka minne," Célestin akasema. "Miaka minne ulinyamaza, na miye ningali ninamuota."

Donat aliomba msamaha. Célestin akamwambia: "Ulinisema mbele ya batu. Unisafishe mbele ya batu."

Na alifanya hivyo. Jumapili, baada ya misa, mtu huyu ambaye hakupenda kuongea mbele ya watu alisimama na kusema: "Nilimuharibia Célestin jina. Hakuuza mutoto wangu. Alimushika mukono mpaka aliposhindwa. Nilisema uongo na niliusema kwa nguvu." Halafu akaenda kwa baba ya Rosette na kuyasema hayo hayo. Rosette alikuwa na watoto wake Bukavu. Hilo halikuweza kurudishwa, na Donat alilijua.

Nilimuuliza Célestin kama alimsamehe. "Tulikuwa tunasalimiana," akasema. "Akipita, alinunua mafuta ya pikipiki, na hakuwa na pikipiki."

Séraphine alipanga kuja na watoto wake. Kwanza korona ikazuia, halafu mapigano ya milimani. Januari 2025 vita vikaingia mjini, na uwanja wa ndege ukafungwa. Mwezi wa tano muzee Donat akaugua mapafu. Hospitalini alimtaka muuguzi amwonyeshe kwanza kwamba sindano haijafunguliwa. Siku ya mwisho alizungumza na Séraphine, na hakumuuliza swali lolote. Alisikiliza tu.

Siku ya mazishi simu ilishikwa juu ya kaburi ili Séraphine aone. Katika familia yao, mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Watu wakasubiri. Kasisi akatazama huku na huku. Sauti ya Séraphine ikatoka kwenye simu: "Célestin yuko hapo?"

Alikuwepo, nyuma kabisa, karibu na barabara.

"Mumuambie aje anitupie."

Watu wakampisha. Célestin akaja polepole, akainama, akachukua udongo mweusi wa Goma kwa mikono miwili, akauachia. Akarudi nyuma, na wengine wakafuata.

Tunampa pole mama Mukabalisa. Tunampa pole Séraphine, mume wake na watoto, kule Portland, jimbo la Maine. Nawe Célestin, pole. Mungu ampokee muzee Donat.

Na sisi tunaobaki, katika mji huu ambako kila mmoja amewahi kudanganywa na mtu aliyekuwa akicheka: tufikirie. Kama kuna mtu unayemshuku usiku wa leo, mwambie unachomshuku. Halafu nyamaza, umwache ajibu.