Raisa Pavlovna na Viti vya Wamarekani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Raisa Pavlovna Shchegoleva anavua aproni yake na kustaafu. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi chumba kimoja miaka ishirini na saba. Nimekubali, ila niseme mapema: mama huyu namwonea wivu, na jarida letu halina kurasa za kuutosha.

Kazi yetu mnaijua. Mwanaanga hulazwa kwenye beseni, akamwagiwa plasta ya vuguvugu, na umbo la mgongo wake ndilo linalokuwa kiti chake chomboni. Wamarekani walipoanza kuja, watu tuliofundishwa tangu utotoni kuwaogopa, wa kwanza wao alilala amekakamaa kama ubao. Raisa Pavlovna akampiga begani. “Legea, baba! Plasta haiulizi pasipoti.” Mkalimani alipotafsiri, yule bwana alicheka mpaka ikabidi tuanze upya. Nani alikoroga ndoo ya pili? Mimi.

Tangu hapo kila Mmarekani akiingia huuliza, kwa kulifupisha jina lake, “Mama Raya yuko wapi?” Walimletea kahawa, kofia, picha zenye saini. Ukuta wake umejaa. Wangu una kalenda. Hata serikali zetu ziliponuniana, kadi za mwaka mpya hazikukatika, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina langu.

Siku moja alikwenda kula, akaniacha na kamanda Curtis Haldane kwenye beseni. Nikaona bahati yangu: angalau Mmarekani mmoja awe wangu. Nikafanya haraka nimalize kabla hajarudi. Angani uti wa mgongo hurefuka, kwa hiyo juu ya kichwa huachwa nafasi ya vidole viwili. Sikuacha hata kimoja.

Miezi sita baadaye chombo kilitua nyikani, na Haldane akatolewa ameumia shingo. Ikaundwa tume ya pande zote mbili. Mmarekani mmoja akauliza bila kuzunguka, “Hii ni bahati mbaya, au mmekusudia?” Jibu likiwa baya, safari za pamoja zingeishia palepale. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma.

Raisa Pavlovna akasimama. “Kiti kile ni kazi ya mkono wangu. Nilisahau kuacha nafasi.”

Haldane, shingo imefungwa, akawageukia wenzake mwili mzima. “Kama ni Mama Raya, basi ni bahati mbaya. Tuendelee na kazi.”

Safari zikaendelea. Raisa Pavlovna akapewa karipio la maandishi na kufutwa kwenye orodha ya nishani. Nilimfuata kwenye korido kumuuliza kwa nini. “Wee Gena, wewe wangekuhoji mpaka kesho na wasikuamini. Mimi wananijua.” Sikumsemesha wiki nzima. Hata kosa langu lilipata mapokezi mazuri kwa kuwa limebebwa na yeye.

Raisa Pavlovna, miaka yote hii umewachukua Wamarekani wote. Leo asubuhi nimeandika barua idara ya utumishi: kiti kile nilikitengeneza mimi, Genadi Ilyich Zavyalov, na karipio lihamishiwe kwenye faili langu. Asante kwa kila mgongo uliorudi salama, na kwa kuninyamazia. Chumba kizima tunakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wasiokuchosha.

Lakini Haldane ni wangu.