Bastola ya Mkono wa Bi Verlene

Benchi lililo mbele ya duka la Orville Crick, pale Cedar Nob, Oklahoma, lilikuwa benchi la kanisa. Wakalitoa kanisani kwa sababu lilikuwa likilia kwiii kila mchungaji alipofika penye toba, na waumini wakaanza kucheka. Sasa linakaa barazani kwa Orville, kati ya magunia ya chakula cha kuku na mawe ya chumvi ya ng'ombe, linalia kwa raha zake. Pembeni yake kuna birika kubwa la umeme lenye kahawa ya bure, chungu ajabu. Birika likikauka, baraza limeahirishwa. Hiyo ndiyo sheria pekee ambayo wazee wa benchi hilo wanaikubali wote. Jumamosi hiyo, yapata saa tatu kasoro, walikuwepo watatu wa siku zote. Dub Lassiter, aitwaye Tani, ana viganja vipana kama sepetu. Hoyt Purcell ni Jenerali, kwa sababu alikaa jeshini miaka miwili akipiga pasi mashati. Na Eulis Tackett ni Daktari, kwa kuwa aliwahi kumshikia ng'ombe miguu daktari wa mifugo. Katikati yao akaja kujibana Bi Verlene Stubblefield, ambaye kwa kawaida hununua chakula cha kuku wake akaenda zake.

— Nataka bastola, akasema.

Benchi likalia kwiii, maana wote watatu waligeuka kwa mpigo.

Si kwamba bastola ni jambo geni Cedar Nob. Kila mtu anayo, kila mtu ameificha, na kila mtu anajua mwenzake ameificha wapi. Ya Tani imo kwenye mfuko wa kifuani, pamoja na karanga. Ya Jenerali imo ndani ya buti. Ya Daktari imo kwenye kisanduku cha chakula, chini ya mkate wa nyama. Lakini Bi Verlene hakuwahi kuwa nayo. Wenyewe humwita Kiganja, kwa sababu ya mikono yake midogo. Mikono hiyo ndiyo iliyokanda unga wa pai mgahawani miaka thelathini na moja, na hadi leo glavu zake hununua upande wa watoto, zile zenye picha za farasi.

— Nani kakuudhi? akauliza Tani.

— Rhonda.

— Unataka kumpiga risasi mwanao?

— Mungu apishe mbali! Rhonda anakuja leo saa nne, anatoka Dallas. Kaniambia, mama, unaishi peke yako mwisho wa barabara ya vumbi, baba hayupo tena. Nikija nikukute una kitu cha kujilindia, kinachokuenea mkononi. La sivyo, pakia nguo, twende kwangu. Ana chumba juu ya gereji. Kina zulia.

— Zulia rangi gani? akauliza Daktari, kama anayetafuta dalili.

— Rangi ya maini.

Wazee wakatikisa vichwa kwa huzuni. Bi Verlene akaikumbatia kahawa yake kwa mikono miwili. Aliogopa, na hakuona haya kwamba anaogopa. Mumewe, Wendell, alitolewa katika nyumba ile akiwa ndani ya jeneza, na yeye hakuomba kingine duniani ila atolewe kwa mlango uleule. Sasa ati akazeeke juu ya gari la mkwe!

— Si kuna ile ya marehemu? akasema Jenerali.

— Nimeijaribu. Kidole hakifiki kwenye triga. Nikiuzungusha mkono ili kidole kifike, mtutu unaangalia jokofu.

— Basi mwizi akija mwambie asimame karibu na jokofu.

— Hoyt, nitakumwagia kahawa hii.

Tani akakohoa. Tani akikohoa hivyo, ujue busara inapanda.

— Kosa lenu wanawake ni moja. Mkono mdogo, mnakimbilia bastola ndogo. Haya nijibu: mtu mfupi hununua ngazi fupi?

— Hapana.

— Hununua ngazi ndefu! Kwa hiyo wewe nunua kubwa kuliko zote alizonazo Orville. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

— Sasa hiyo inahusiana vipi?

— Hujaona chawa wa Oklahoma, wewe.

— Dub, acha kumpoteza mama wa watu, akadakia Jenerali. Dawa ni kununua mbili ndogo. Mikono midogo miwili ni sawa na mkono mmoja mkubwa, hesabu ya darasa la kwanza hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na tochi je, nitaishika kwa kitu gani?

— Kwa meno.

— Haya meno si yangu, Hoyt. Yalinunuliwa.

Muda wote huo Daktari alikuwa akiviangalia vidole vya Bi Verlene vile alivyokuwa akiziangalia kwato.

— Ninyi mnatibu bastola, akasema. Mgonjwa ni mkono. Mkono unaweza kukuzwa. Asubuhi unauloweka kwenye mafuta ya kwato, jioni unakamua ng'ombe wawili. Nilimjua mtu wa Dry Fork, alianza na vidole kama hivi, baada ya mwaka mmoja pete ya ndoa ikabidi waikate kwa msumeno. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Rhonda anakuja saa nne, Eulis. Si mwakani.

— Basi kamua ng'ombe wanne.

Bi Verlene akachungulia dukani kupitia kioo. Orville alikuwa akipima pumba. Kabati la bastola halifunguliwi mpaka saa tatu na nusu, hata uje na machozi. Akajimiminia kahawa nyingine, na birika likatoa sauti ya kukaribia mwisho.

— Na ukishainunua, akasema Tani, jambo kubwa ni kuificha. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Maana yake ni kwamba adui yako ni mtu wako wa karibu, akasema Bi Verlene.

— Maana yake ni kwamba bastola iwe nguoni. Usibishane na wahenga.

— Mimi ningeiweka kwenye mkoba wangu.

Wote watatu wakautazama mkoba. Mkoba wa Bi Verlene ni mkubwa kama mfuko wa posta. Mwezi uliopita alitafuta miwani humo ndani na kutoa kikombe cha unga, bisibisi, na mwaliko wa harusi ya watu walioachana zamani.

— Hapo mwizi atakusubiri mpaka achoke, akasema Daktari. Sikiliza. Iweke chini ya kuku.

— Chini ya nani?

— Kuku anayelalia mayai. Unamleta ndani, unamweka kwenye kikapu kando ya kitanda. Hakuna mwizi duniani anayemkagua kuku anayelalia. Wewe unapeleka mkono taratibu...

— Na kuku akinidonoa?

— Ndiyo maana nimesema taratibu.

— Upuuzi mtupu! Jenerali akafoka. Kuficha ni kazi ya kijeshi. Buti, basi. Unainama, unachomoa, kwisha habari. Ngoja niwaonyeshe.

— Usituonyeshe, Hoyt! wakapiga kelele wote.

— Nitatoa risasi kwanza, mnaniona mtoto?

Akainama. Akavuta. Gauti ilikuwa imemvimbisha mguu tangu Jumatano, buti likagoma. Tani akamshika kisigino, Daktari akamshika Tani kiuno, wakavuta kama wanaozalisha ndama, benchi likilia kwiii, kwiii. Ilikaribia robo saa. Mwishowe buti likatoka kwa kishindo, wote wakachungulia ndani. Hakukuwa na kitu. Hata kwenye mguu hapakuwa na kitu ila soksi yenye tundu.

— Nimevaa buti za kanisani, akasema Jenerali kwa sauti ndogo.

Bi Verlene hakuweza hata kucheka. Saa tatu na dakika ishirini, na hawa ndio wataalamu wake.

Hapo ndipo gari la mizigo lilipoegeshwa, akashuka kijana mmoja mrefu mwenye kaptura ya kazi. Jina lilikuwa kifuani: Terrence. Alikuwa mgeni, hiyo ilikuwa siku yake ya tatu kwenye njia ile.

— Shikamooni. Samahani, namtafuta Bi Verlene Stubblefield. Nahitaji sahihi.

— Ndiye mimi, mwanangu. Umejuaje niko hapa?

— Si umeandika mwenyewe? Karatasi iko mlangoni kwako: "Niko kwa Orville. Ingia. Pai iko mezani."

— Eeh, ndiyo. Ya majirani hiyo.

— Basi nikaingia. Mbwa wako akanipeleka mpaka jikoni, mzigo nimeuweka karibu na jiko. Pai ni tamu sana, mama, Mungu akubariki. Halafu simu ikalia, ikalia, nikafikiri labda ni wewe. Nikapokea.

Bi Verlene akaiweka kahawa yake chini.

— Ni nani alipiga?

— Mwanamke. Akaniuliza mimi nani. Nikamwambia mimi ni wa mizigo. Akauliza nimeingiaje. Nikamwambia kwa mlango. Akapiga ukelele hadi mbwa akajificha. Akasema yuko njiani.

— Yesu na Maria! Huyo ni Rhonda! Nimekwisha. Nitalala kwenye zulia la maini!

Tani akamwambia kijana, kwa ukali, kwamba ameleta balaa. Mama wa watu yuko hapa anatafuta bastola ya kujilinda na watu wanaoingia nyumbani bila kukaribishwa. Terrence akamtazama Tani, akamtazama Jenerali na mguu wake mmoja bila buti, akamgeukia Bi Verlene kwa adabu.

— Kumbe. Samahani, mama, niulize tu. Ufunguo wa mlango wako uko wapi?



Bi Verlene akaupekua mkoba wake, akaufunga. Ufunguo? Wendell alikuwa na ufunguo mwaka ule walipohamia. Au alikuwa nao yule aliyewauzia nyumba?

— Haya, nyinyi wazee, akasema kijana. Wa kwenu uko wapi?

Tani akajipapasa mifuko, akatoa karanga. Daktari akafungua kisanduku cha chakula na kuinua mkate, kama vile huenda ufunguo uko huko. Jenerali akatazama ndani ya buti kwa mara ya pili. Cedar Nob nzima, watu mia sita na silaha zisizohesabika, hakuna hata mmoja aliyefunga mlango tangu yale mafuriko, na hata siku ile waliufunga ili maji yasiingie.

— Kufunga mlango, akaanza Tani, kunawaita wezi. Mwizi akiona umefunga, anajua ndani kuna...

— Dub, nyamaza, akasema Bi Verlene.

Akainuka, akaingia dukani.

Orville alikuwa ndiyo kwanza anafungua kabati. Ni mtu wa maneno machache. Maneno mengi anayaachia benchi. Hakumuuliza anataka kubwa au ndogo. Akasema tu: nipe mkono. Akauangalia, akatandika taulo, akaweka bastola tatu za silinda, fupi fupi, kila moja ameifungua na kumwonyesha kwamba haina risasi. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, Bi Verlene akaipenda papo hapo.

— Hiyo nyepesi inarusha mkono kama punda, akasema Orville. Jaribu ya chuma. Mpini wake mwembamba.

Akaishika. Kiganja kikajaa vizuri, na ncha ya kidole ikatua kwenye triga bila kuzungusha mkono.

— Triga yake nzito. Wengi inawashinda. Elekeza kwenye lile gunia la mchanga, vuta polepole.

Nje, pua tatu zilikuwa zimebandikwa kwenye kioo. Bi Verlene akavuta. Vidole vile vilikuwa vimekanda unga miaka thelathini na moja, alfajiri baada ya alfajiri; vikavuta ile triga mpaka mwisho bila kutetemeka hata kidogo. Ka! Akavuta tena. Ka! Machozi yakamlenga, na akayaacha.

— Hii, akasema. Nijazie fomu zake. Utanifundisha?

— Kila Jumanne, kule nyuma.

— Na unipe kitasa cha mlango. Chenye funguo.

Orville akainua macho. Alilazimika kupanda ngazi. Vitasa vilikuwa rafu ya juu kabisa, nyuma ya mitego ya panya, na vumbi lake lilikuwa la miaka.

Saa nne kasoro tano gari la Rhonda likaingia kwa breki iliyotimua kuku wa jirani. Alikuwa akipita kuelekea kwa mamaye, akamwona barazani; akaruka nje nywele zimesimama.

— Mama! Kuna mwanaume nyumbani kwako!

— Huyu hapa, akasema Bi Verlene. Anaitwa Terrence. Mwache, hajamaliza kahawa.

Akampa mwanawe ule mkono wake mdogo aushike, akamweleza yote: bastola inayomwenea, mafunzo ya Jumanne, kitasa. Rhonda akakiangalia kitasa kwa muda mrefu. Akamkumbatia mamaye, akalia, akasema basi, mama, baki kwako. Benchi zima likajifanya linatazama mawe ya chumvi. Tani akaenda kujimiminia kahawa ya kupongezana. Birika likatoa tone moja, likakauka, na baraza likaahirishwa.

Jumamosi iliyofuata walikuwepo tena, na Bi Verlene katikati, kwa haki sasa. Bastola alikuwa nayo mwilini, na alikataa katakata kusema ameificha wapi. Hilo ni jambo ambalo halijawahi kutokea Cedar Nob, na liliwakera wazee mpaka wakakosa hamu ya karanga. Saa tatu na robo Terrence akashuka garini, mkononi ana kitu kinachong'aa.

— Shikamooni. Bi Verlene, mzigo nimeuweka mezani, na mlango nimeufunga vizuri kama ulivyoagiza. Akakuna kichwa. Sasa ile karatasi ya mlangoni imesema: "Niko kwa Orville. Ufunguo uko chini ya chungu. Pai iko mezani." Ila haikusema nikishafunga niurudishe wapi.

Wazee wakamtazama Bi Verlene. Bi Verlene akatazama kahawa yake.