Aliyemsubiri Ndege wa Mvua: Maisha ya Mzee Salvator Bigirimana, 1955–2025

Salvator Bigirimana alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kwizera na Mama Nibigira. Alizaliwa Bukemba, mkoa wa Rutana, nchini Burundi, tarehe 14 Machi 1955. Tarehe hiyo si ya kukisia kama za wengi wa rika lake. Padri aliiandika katika kitabu cha ubatizo, na Mama Nibigira, ambaye bado yu hai na ana miaka themanini na tisa, anakumbuka hata jembe alilokuwa ameshika uchungu ulipomshika.

Alianza shule ya misheni mwaka 1962, akamaliza darasa la sita mwaka 1968. Mwandiko wake ulinyooka kuliko wa mwalimu, ila macho yake yalikuwa dirishani. Siku moja mwalimu alimwambia, “Salvator, jibu liko ubaoni, haliko juu ya mti.” Naye akajibu, “Mwalimu, ubao haujaondoka popote. Yule anaruka sasa hivi.” Alichapwa, lakini mwalimu mwenyewe alichapa huku anacheka. Baada ya hapo alijifunza useremala kwa mjomba wake, na milango aliyoitengeneza Bukemba mingine inafungwa na kufunguliwa mpaka leo.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa kanisani na Dorothea. Barua za uchumba hakuwa anaziweza, basi alimpelekea kigoda alichokichonga mwenyewe. Dorothea akakikalia mbele ya wageni wote, na kila mtu akajua jibu. Mungu aliwajalia watoto watatu: Elvire, Henry na Bertrand.

Oktoba 1993 vita vilipofika Rutana, Salvator aliwabeba wanawe kuelekea Tanzania. Mama yake alikataa kutoka. “Mbegu zimeshaingia ardhini,” alisema. “Nikiondoka nani atapalilia?” Wiki ile ndege wa mvua alikuwa analia kutwa. Sisi wa kule tunamjua: akianza kulia, watu wanatoa majembe, na aliyemsikia kwanza anampelekea habari jirani. Mama Nibigira alimshika mwanawe mkono njiani akamwambia, “Huko uendako, ukimsikia, mtafute mtu aniletee habari. Nitajua u hai, na una pa kulima.”

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kinywani mwa mama yake wakiwa wanatazamana.

Miaka kumi na minne katika kambi ya Mtabila, wilaya ya Kasulu, alitengeneza vitanda na madirisha, na kila mwaka mvua zikikaribia alimtafuta mtu wa kuvuka mpaka na ujumbe wake: mwambieni Mama, amelia. Miaka mingine ujumbe ulifika, mingine haukufika. Mama alilima hata hivyo, lakini alisema mwaka ambao ujumbe haukufika maharage yalikuwa na uchungu.

Familia ilitua Sydney tarehe 21 Juni 2007, katikati ya baridi, wakapokelewa Fairfield na watu wa shirika waliowagawia mablanketi. Mwaka uliofuata walipewa nyumba ya serikali Macquarie Fields. Salvator alifanya kazi kiwanda cha kuku kwa miaka minane. Alikuwa akirudi kutoka kiwandani anaketi uani na daftari kuandika ndege aliowaona. Bahizire, Mkongo aliyesimama naye kwenye mashine, hakumwacha apumue. “Mzee wewe mtu wa ajabu! Mchana unawakata, jioni unawaandika majina.” Salvator alimjibu, “Wale wa kiwandani hawaimbi, bwana.”

Lile daftari lina asili yake, na tuiseme bila aibu kwa sababu yeye mwenyewe aliisema kila mahali. Agosti 2009, baridi ikiwa bado inauma, alisikia alfajiri sauti inayoshuka shuka, kama ya kwao kabisa. Alitoka bila viatu. Wakati huo simu zilikuwa zimeshafika Bukemba, kwa hiyo alimpigia mama yake papo hapo.

“Mama, amelia! Hata huku analia!”

“Na mvua?”

“Inakuja.”

“Umeiona au umeambiwa?”

Hakungoja kujibu. Siku ile ile alipindua nyasi zote za mbele ya nyumba akapanda maharage. Yaliota vizuri, na usiku mmoja umande uliganda ukayaunguza yote yakawa meusi. Wiki hiyo hiyo mama wa ofisi ya nyumba akaja kukagua. Alisimama getini akauliza nyasi zake ziko wapi. Salvator akamwambia Elvire atafsiri, “Mwambie zimekufa pamoja na maharage yangu. Tumefiwa wote wawili.” Elvire alikataa kutafsiri. Alimwambia yule mama kwamba baba anaomba radhi, na nyasi zikarudishwa.

Alimweleza Mama Nibigira kwa simu. Mama akasema, “Ulikuwa na hamu, mwanangu. Hukumsikiliza vizuri.”

Maneno hayo yalimwingia. Alinunua daftari, akawa anatembea na kusikiliza katika msitu wa kando ya mto Georges. Akagundua kuwa yule wa Agosti ni ndege mwingine, wa kijivu mwenye kifua cha rangi ya kutu, na hana habari na mvua yoyote. Ndege wa mvua wa huku ni mweusi, jicho jekundu. Wenyeji wanamwita koeli. Hukaa nchi za kaskazini wakati wa baridi, anarudi Septemba inapoelekea mwisho. Tangu hapo Salvator alijiwekea sheria: hampigii mama yake mpaka amsikie asubuhi tatu mfululizo. Mama huko naye akafuata sheria hiyo hiyo. Aliyetangulia kuzitimiza tatu ndiye aliyepiga simu, na mwenzake alikasirika kama aliyeshindwa bao.

Madaftari yamefika kumi na moja. Kila mwaka yanaanza Julai. Mbayuwayu wawili stesheni ya Macquarie Fields, wanabeba tope la kiota. Ndege magpai amemrukia mtu wa barua, kofia imeanguka. Kasuku weupe zaidi ya mia, wamekula mche wa jirani. Halafu mwishoni mwa Septemba neno moja tu, limepigiwa mstari: Yeye. Asubuhi ya kwanza.

Alitamani mno kwenda kumwona mama yake. Tiketi ya Aprili 2020 ilikatwa, na ugonjwa wa corona ukafunga njia. Njia zilipofunguliwa, figo zake zilikuwa zimeshachoka. Kisukari, kilichogunduliwa mwaka 2015, kilimtoa kazini mwaka uliofuata. Mwaka 2019 kikaanza kumfifishia macho. Na tangu 2021 alisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki. Mtu wa namna hiyo hapandi ndege ya saa ishirini na zaidi. Alikuwa anajua, na hakulalamika mbele ya watoto. Dorothea ndiye anayejua alivyokuwa anakaa kitandani ameshika simu ambayo hajaipiga.

Macho yalipokataa kabisa, mjukuu wake Ineza, binti wa Elvire, akawa anamwandikia. Ineza anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, basi madaftari mawili ya mwisho yana lugha mbili, babu anasema na mjukuu anaandika alivyoelewa.

Juni mwaka huu madaktari waliwaita wote wakae chini. Salvator aliuliza swali moja tu: “Mwisho wa Septemba nitafika?” Daktari aliangalia karatasi zake.

Mwishoni mwa Agosti alikuwa hainui tena kichwa. Ineza, kwa mapenzi yake, alisimama nje ya dirisha la wodi na simu yake, akaiachia sauti ya koeli iliyorekodiwa. Babu alisikiliza. Alisikiliza muda mrefu, na Dorothea anasema uso wake ulifunguka kama wa kijana. Kisha akacheka polepole.

“Ineza, njoo ndani. Huyo wako hapumui.”

“Sorry, babu,” Ineza alisema analia. “Nilitaka umpigie bibi.”

Alijibu kwa Kiswahili, na babu yake alilishika hilo kuliko jingine lolote. Alimpapasa kichwa. “Nikimpigia kwa huyu, mama atatoa jembe. Hapana. Tumngoje mwenyewe.”

Tarehe 31 Agosti walizungumza mara ya mwisho, mama na mwana.

“Amelia huko?” mama aliuliza.

“Bado, Mama.”

“Hata huku bado. Basi tusubiri.”

Salvator alifariki Jumanne tarehe 2 Septemba 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Dorothea. Alikuwa na miaka sabini.

Januari, mdogo wake aliyeko Bukemba, ndiye aliyempelekea mama habari. Wapo waliotushauri tumwambie kwamba alimsikia ndege kabla ya kwenda, ili moyo wake utulie. Mama mwenyewe aliuliza hilo hilo, kabla hajalia. Tulimwambia kweli: hakumsikia. Akasema, “Vizuri mmeniambia. Mwanangu hakuwahi tena kunidanganya juu ya mvua.”

Salvator ameacha mama yake, Mama Nibigira. Mke wake, Dorothea. Watoto wake Elvire, Henry na Bertrand. Mdogo wake Januari. Wajukuu sita, Ineza akiwa wa kwanza. Na ndugu, majirani na waumini wenzake wa hapa, wa Kasulu na wa Rutana.

Leo ni Jumamosi, tarehe 13 Septemba, na miti ya makaburi haya bado iko kimya. Januari ameshika simu karibu na sikio la mama, anasikia kila neno.

Bwana ampe mtumishi wake Salvator pumziko lenye amani. Mama Nibigira, akilia asubuhi tatu, Ineza atakupigia.