Sketi ya Karatasi Ngumu

"Mchoraji wa mavazi yetu kanivika boksi, mzee wangu," mcheza baleti alimwambia jirani yake, kiti cha mbele yangu ndani ya tramu ya Paris. Alikuwa amepakata sketi ya karatasi ngumu iliyopakwa rangi, mkasi mkononi. "Nimesubiri miaka sita nipewe nafasi ya kuruka peke yangu jukwaani. Leo jioni nitarukaje na hili? Nalikata."

"Usilikate, binti, zuri mno! Wewe tembea tu. Muziki wa onyesho lenu nimeutunga mimi. Pale pa kuruka napafuta sasa hivi."

Kumbe ndiye mtunzi. Akatoa penseli na daftari la noti, mwepesi wa kufuta miaka ya mwenzake.

"Futa! Mimi nitaruka, na wapiga fidla wako watanifuata."

"Hawathubutu!"

Tramu ilisimama mbele ya ukumbi, wakashuka wakibishana. Nami nikashuka, ingawa kwetu ni vituo vitano mbele.