Kobalti Huingilia Mlango Gani

Pale Ikutha, kwenye ubao uliopachikwa kando ya ghala la pamba lisilo na pamba, palikaa wanaume ambao hawakuwahi kushindwa na jambo lolote isipokuwa kazi. Othman aliwauzia kahawa chungu ya tangawizi, na aliwavumilia kwa sababu wateja wengine hakuwa nao. Ilikuwa miaka ya tisini, vyuo vikuu vimefungwa kwa ajili ya mgomo, na Muthama alikuwa na shida. Mbuzi wake watatu wa ntheo, ambao Jumamosi wangepelekwa Tawa kwa wazazi wa binti Muthoki ili Kilonzo, mwana wa Muthama, ahesabike mchumba wake wa kweli, walikuwa wanakula mpaka matumbo yanajaa, na bado wanakonda. Bila ntheo mke si wako, hata mzae watoto wa kujaza darasa. Daktari wa mifugo alimpa Muthama jiwe la chumvi lenye kobalti, akamwambia awape walambe. Siku kadhaa za soko zilikuwa zimepita na jiwe lilikuwa bado stoo, limefungwa ndani ya gunia, kwa maana Muthama hakuwa mtu wa kufanya jambo kabla kijiwe hakijalipitisha. Hata mabati ya nyumba yake yalichaguliwa na kijiwe, na mvua ilikuwa inamkumbusha kila mwaka.

Siku hiyo Ndululu, aliyeitwa Profesa ingawa alikuwa mwaka wa pili tu chuoni, alikuwa amechora duara kubwa mavumbini kwa kijiti.

— Hii ni kijidudu moja. Iko ndani ya tumbo ya mbuzi. Ziko mamilioni.

— Mamilioni! Na mbuzi haijalipuka? aliuliza Nzomo. Huyu aliitwa Geti, kwa kuwa zamani alikuwa akifungua na kufunga geti la mbuga ya wanyama, na tangu hapo hakuona kitu duniani ambacho si geti.

— Hizi ndizo zinasaidia mbuzi, anko. Zinachukua kobalti, zinatengeneza vitamini. Mbuzi yenyewe haiwezi kujitengenezea. Udongo yetu huku haina kobalti ya kutosha, kwa hivyo mbuzi inakula, inashiba, na inakufa njaa.

Muthama alilisogelea duara. Hilo la kufa hakulipenda.

— Sasa hiyo kobalti inaingia aje kwa kijidudu? aliuliza.

— Kwa mlango! Ndululu alichora alama pembeni mwa duara. Iko kwa ngozi yake. Ni protini. Inashika kobalti hata kama ni kidogo sana, inaivuta ndani. Na iko milango zingine zinapitisha nikeli na kobalti zote mbili, kwa sababu zinafanana.

Geti aliweka kikombe chini. Alikuwa amengoja maisha yake yote mtu aseme neno kama hilo.

— Mlango inapitisha watu wawili kwa sababu wanafanana? Huyo askari hajui kazi! Mimi nilikuwa nauliza mtu kipande yake ya kitambulisho, hata kama ni ndugu yangu.

— Si askari, anko. Ni protini.

— Protini ni maharagwe. Usinidanganye.

— Ngoja, ngoja, alisema Mwangangi, aliyewahi kuwa katibu wa chama cha pamba mpaka chama kikaisha, na cheo akabaki nacho. Nikeli si ndio ile wanapaka hendeli ya baiskeli?

— Ndio hiyo.

— Basi Muthama, ukipatia mbuzi hilo jiwe, mlango ikifunguka nikeli nayo inaingia. Jumamosi unafika Tawa na mbuzi inang'aa. Wakwe watasema umewaletea baiskeli.

Walicheka mpaka Othman naye akacheka, na Othman hakuwa mtu wa kucheka kabla ya kulipwa. Muthama alicheka pia, ila kwa meno tu.

— Shida yenu hamfikirii mbali, aliendelea Katibu. Kwa nini udongo ya Ikutha haina kobalti? Ilienda wapi? Si sisi tuko Kenya kama wengine? Kobalti yetu ilitoka Nairobi, ikakatwa njiani. Mpaka ifike huku ni gunia tupu.

— Katibu, udongo haigawiwi na serikali, alisema Ndululu.

— Wewe kijana, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hakuna aliyejua methali hiyo imefuata nini hapo, lakini ilikuwa imesemwa kwa sauti nzito, kwa hiyo vichwa vikatikiswa. Geti akachukua zamu.

— Mimi naona hivi. Hiyo milango imefungwa kwa sababu hakuna kitu kidogo. Kijidudu ya kwa geti inataka chai. Usipoipatia, kobalti itapiga foleni mpaka mbuzi izeeke.

— Na milango zikifunguka hapa, je, mbuzi zikienda Tawa? aliuliza Katibu, macho yamemtoka. Vijidudu ya Ikutha itaingia kwa mbuzi ya wakwe, ifungue milango yao bila ruhusa. Hiyo ni kesi ya ukoo, bwana! Tutalipa fahali!

Muthama hakuvumilia tena.

— Profesa, mwanangu, niambie neno moja. Niwape ama nisiwape?

Ndululu alimjua mzee, na jibu alilijua. Lakini watu wote walikuwa wakimtazama yeye, jambo ambalo halikuwahi kumpata chuoni, na utamu wake ulimpanda kichwani.

— Swali hiyo inataka tuanze nyuma kidogo, alisema, akachora duara la pili. Mlango inataka nguvu ya kuvuta. Hiyo nguvu inatoka wapi?

— Hapo sasa! alisema Geti.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Katibu. Ngoja tumalize, Muthama. Penye wengi hapaharibiki neno.

Muthama akangoja. Aliomba kikombe kingine.

Ndipo Syombua, mkewe, alipotokea upande wa mashine ya kusaga unga. Alitembea polepole, mikono yake imejaa unga mwekundu wa chumvi mpaka kwenye kiwiko. Alisimama katikati ya duara la Ndululu bila kulitazama.

— Karibu kahawa, Mama Kilonzo, alisema Othman.

— Asante. Ile mbuzi jike kubwa imekufa, Baba Kilonzo. Nimevunja lile jiwe nikapatia hizo mbili zimebaki. Zimelamba, jiwe ikiisha kwa mkono zikalamba mkono. Kilonzo anafika jioni kutoka mji wa Salama, na ataniuliza. Wewe, kwa nini hukuwapa?

Geti alichungulia ndani ya kikombe chake. Ndululu alikiacha kijiti kidondoke. Muthama alifungua kinywa, akatafuta humo maneno yote ya masoko yote yale, nikeli na askari na nguvu ya kuvuta, na kila alilolishika aliona haya kulitoa mbele ya mwanamke yule. Aliona haya hata kulia mbele ya wanaume ambao jana aliwaita washauri.

Syombua aligeuka. Muthama aliinuka akamfuata, kahawa ameiacha haijanywewa.

Hakuwa amefika mbali aliposikia sauti ya Katibu nyuma yake.

— Lakini swali ya mama ni nzuri. Tusiikimbie. Kwa maoni yangu, kuna sababu tatu.